UZI: Wafalme wa Ulaya, kiwanja cha tenisi na kesi ya maji baridi

Muokota Mipira (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Waliokulia uswahilini watanielewa haraka. Unatoka kucheza mpira jioni, jasho linachuruzika, unakimbilia mtungi. Hujaitia kata, sauti ya mama inatoka jikoni: "Kaa kwanza jasho likauke! Unatafuta kichomi?" Nilikuwa najua ni vitisho vya mama zetu tu, kama ile ya ukila huku umesimama chakula kinaingia miguuni.

Sasa mimi utotoni niliokota mipira kwenye klabu moja ya wakubwa, na mapenzi ya tenisi hayajanitoka mpaka leo. Katika kusomasoma historia ya mchezo huu nikakutana na kauli ileile ya mama, safari hii ndani ya habari za vifo vya wafalme na warithi wao. Si kifo kimoja. Vitatu, kwa miaka 220, na katika kimoja kuna mtu alichanwa vipande na farasi kwa sababu ya kikombe cha maji. Nitashusha taratibu. Wenye haraka wapite tu.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Tenisi ya nyasi ya akina Wimbledon ni mtoto wa juzi. Meja Walter Clopton Wingfield aliichukulia hataza London mwaka 1874, na mashindano ya kwanza ya Wimbledon yakafanyika 1877. Mzazi wake ni mchezo wa Kifaransa unaoitwa jeu de paume, maana yake mchezo wa kiganja. Raketi haikuwepo. Mpira wa ngozi ulioshindiliwa sufi au nywele, unaupiga kwa kiganja kitupu, baadaye kwa glavu. Raketi yenye nyuzi za utumbo wa kondoo ilikuja kushika kasi kwenye miaka ya 1500.

Walioanza, kwa wanavyoeleza wengi, ni watawa wa Ufaransa kwenye karne ya 12. Monasteri zao zilikuwa na ua katikati na baraza zilizoezekwa kuuzunguka, kama nyumba za kale za Unguja au Lamu. Nenda leo kwenye kiwanja chochote cha tenisi ile ya zamani, vipo bado Uingereza na Ufaransa, utakuta kipaa cha mteremko kimepita kwenye kuta tatu, na anayeanzisha lazima mpira wake ugonge kile kipaa kwanza. Mapaa ya watawa yamebaki kwenye sheria za mchezo. Na jina "tenisi" linadhaniwa limetoka kwenye neno la Kifaransa tenez, yaani "haya, shika!", alilopiga kelele mwanzishaji kabla ya kuurusha.

Kutoka kwa watawa ukahamia kwa makabaila, na huko ndiko ulikonogewa. Mchezo unataka jengo, kuta za mawe, mtu wa kushona mipira, mtu wa kuhesabu pointi. Asiye na ngome atacheza wapi?

Haya, marehemu wa kwanza. Louis wa Kumi wa Ufaransa, jina la utani le Hutin, yaani Mkorofi. Huyu alipenda tenisi kupita kiasi, na anatajwa kuwa wa kwanza kujijengea viwanja vya ndani. Juni 1316 yuko Vincennes, nje kidogo ya Paris. Akacheza mchezo mzito, akatoka amelowa. Akashuka sehemu yenye baridi akanywa divai iliyopozwa, nyingi. Akashikwa na homa. Tarehe 5 Juni akafariki, ana miaka 26. Kichomi, walisema wengine. Sumu, walinong'ona wengine.

Angalia sasa kilichofuata. Ameacha binti wa miaka minne, Jeanne, ambaye mama yake alikuwa amefungwa gerezani kwa kashfa ya uzinzi, hivyo watu wanauliza mtoto ni wa nani. Ameacha pia mke wa pili, mjamzito. Novemba akazaliwa mtoto wa kiume, Jean wa Kwanza, akawa mfalme tangu dakika aliyolia. Siku ya tano akafa. Baba mdogo, Philippe, akajitwalia kiti na kumpiga kando yule binti, na hapo ndipo ilipoota ile desturi kwamba mwanamke hakai kwenye kiti cha Ufaransa. Philippe naye akafa bila mtoto wa kiume, mdogo wake naye hivyohivyo, na mwaka 1328 nyumba ikabaki tupu. Mfalme wa Uingereza akasema mimi mama yangu ni dada wa hao marehemu, kiti ni changu. Kufikia 1337 vita vimeanza, na ndivyo vile vinavyoitwa Vita vya Miaka Mia.

Sisemi tenisi ilileta vita. Ila kijana angekaa jasho likakauka...

---

Kijiti cha Buza

Nimeweka kambi. Siti ya mbele, karanga mkononi.

---

Ngosha wa Ziwani

Mkuu hii mbona kama chai? Mfalme mzima anakufa kwa divai baridi? Weka sukari basi tunywe vizuri.

---

Muokota Mipira

Ngosha, swali lako ndilo uti wa mgongo wa uzi huu, vuta subira. Kufa alikufa, tarehe ipo na kaburi lipo. Alichokufa nacho ndicho tutakachokuja kukibishania huko mbele.

Kabla ya kurudi kwenye maji baridi, nipitie vifo viwili ambavyo havina utata wowote, maana havina uganga ndani yake.

Cha kwanza ni Scotland. Mfalme James wa Kwanza, mtu aliyekaa mateka Uingereza miaka 18 kabla ya kurudi kwao kutawala. Februari 1437 alikuwa amelala kwenye nyumba ya watawa wa Blackfriars, mjini Perth. Usiku wa tarehe 20 wakamvamia wauaji, wakiongozwa na Sir Robert Graham. Mfalme akasikia vishindo, akang'oa mbao za sakafu, akatumbukia kwenye mfereji wa maji machafu uliopita chini ya chumba. Mfereji ule ulikuwa na tundu la kutokea nje. Angetambaa mita chache tu angekuwa uwanjani, na giza lile nani angemkamata?

Lakini alikuwa mcheza tenisi. Kiwanja chake kilikuwa pembeni hapo, na mipira ilikuwa kila siku inaviringika inaingia kwenye lile tundu inapotea. Siku tatu kabla, mfalme mwenyewe, kwa kinywa chake, alikuwa ameamuru tundu lizibwe kwa mawe. Wakamkuta humo humo, wakamchoma visu.

Mimi niliyeokota mipira namwelewa. Mpira ukipotea unaudhi sana, na enzi hizo ulikuwa unashonwa kwa mkono, mmoja mmoja. Ila mzee, si ungeweka wavu tu?

Cha pili ni Charles wa Nane wa Ufaransa. Tarehe 7 Aprili 1498, ngome ya Amboise. Mfalme ana miaka 27. Siku hiyo hakucheza hata, alikuwa anaenda kutazama, yeye na malkia Anne, maana watu walikuwa wanacheza kwenye handaki la ngome. Wakapita kwenye baraza moja chakavu, chafu, ambayo Philippe de Commynes aliyeandika habari zile anasema watu walikuwa wanajikojolea humo. Mlango wake ulikuwa mfupi. Mfalme naye alikuwa mfupi, jambo ambalo Commynes analitaja kwa mshangao, lakini hata hivyo akajigonga paji la uso kwenye kizingiti cha juu. Akajipangusa, akaendelea, akatazama mchezo, akapiga soga na kila mtu. Kwenye saa nane mchana akaanguka chali. Hawakumwinua kumpeleka kitandani. Wakamtandikia godoro la majani palepale kwenye baraza lenye harufu ya mkojo, akalala hapo kwa muda wa saa tisa, na ilipofika saa tano usiku akakata roho.

Watoto wake wote walikuwa wameshatangulia. Kiti kikamwendea shemeji yake, Louis wa ukoo wa Orléans, aliyekuwa amemwoa dada wa Charles. Na mkataba wa ndoa wa Anne ulisema hivi: mfalme akifa bila mtoto wa kiume, mjane ataolewa na mfalme atakayefuata. Louis akaivunja ndoa yake, akamrithi mjane Januari 1499. Tunaodhani kurithi mjane ni mambo ya kwetu tu, hayo ni Ufaransa, na Papa ndiye aliyetoa kibali. Mkumbukeni huyu Louis, nitamhitaji tena.

---

Mtoto wa Makorora

Mkuu unatuua na vifo. Hakuna aliyecheza akarudi nyumbani salama akala ubwabwa?

---

Muokota Mipira

Wapo wengi tu, dada. Henry wa Nane wa Uingereza, huyu wa wake sita, kabla hajanenepa alikuwa mchezaji hodari. Balozi wa Venice, Sebastian Giustinian, aliandika mwaka 1519 kwamba hakuna kitu kizuri duniani kama kumtazama mfalme akicheza tenisi, ngozi yake nyeupe inang'aa kupitia shati jembamba. Balozi wa watu amesahau siasa anaandika kuhusu shati.

Mwaka 1522 Henry alimpokea London mgeni mkubwa, Kaisari Charles wa Tano, kijana wa miaka 22 mwenye Hispania, Uholanzi na nusu ya Ulaya mkononi. Wakaingia kiwanjani upande mmoja, wawili kwa wawili, dhidi ya Mwanamfalme wa Orange na Markizi (cheo cha kikabaila) wa Brandenburg. Wakacheza michezo 11, wakaachana sare. Michezo 11 halafu sare! Hesabu hiyo niachieni mimi. Nadhani mwamuzi aliipenda shingo yake.

Lakini Charles huyu kuingia kiwanjani mimi kunanishangaza, na sababu ni baba yake. Sasa tunarudi kwenye maji.

Baba wa Charles ni Philip wa ukoo wa Habsburg, aliyeitwa Philip Mzuri kwa sura yake. Januari 1506 alikuwa baharini akienda Hispania kuchukua kiti cha Castile, dhoruba ikamtupa Uingereza. Wakampokea Windsor kwa heshima zote, na akiwa huko akacheza tenisi na Markizi wa Dorset. Philip alitumia raketi na Dorset alitumia mkono, kwa hiyo Philip akampa pointi 15 za bure kabla hawajaanza, kufidia tofauti. Hiyo ni moja ya mara za kwanza raketi kutajwa Uingereza, na kama mnavyoona bado ilikuwa kitu cha kubishaniwa.

Akafika Hispania. Septemba yuko Burgos. Akacheza mpira mchezo mkali, akatoka na jasho, akanywa maji ya baridi, mengi. Homa. Tarehe 25 Septemba akafa, miaka 28. Kichomi, wengine wakasema. Sumu ya baba mkwe, wengine wakanong'ona. Mkewe Juana, aliyekuwa mjamzito, ndiye yule aliyesafiri na jeneza la mumewe nchini, na historia ikamwita Juana Mwendawazimu. Charles alibaki mtoto wa miaka sita.

Umeona? Ni hadithi ya 1316 imerudi ikiwa imevaa nguo za Kihispania. Hata umri umekaribiana.

---

Ngosha wa Ziwani

Sawa, chai naifuta. Endelea.

---

Muokota Mipira

Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote.

Mwaka 1536. Mfalme wa Ufaransa ni Francis wa Kwanza, naye mgonjwa wa tenisi. (Kuna kisa kinasimuliwa kwamba alicheza akiwa na mtawa upande wake, mtawa akapiga mpira wa mwisho wakashinda. Mfalme akasema: "Hilo ni pigo la mtawa!" Mtawa akajibu: "Bwana wangu, ukipenda wewe litakuwa pigo la abate." Akapata uabate, yaani ukuu wa monasteri. Kama ni kweli, huyo ndiye mtu pekee kwenye uzi huu aliyefaidika na mchezo.) Francis alikuwa vitani na Kaisari Charles, yuleyule mtoto wa Philip, ambaye jeshi lake lilikuwa limeshaingia kusini mwa Ufaransa.

Mrithi wa kiti, naye Francis, miaka 18, alikuwa Lyon. Siku ya joto kali akacheza tenisi, akaomba maji. Karani wake, Mwitaliano aliyeitwa Sebastiano de Montecuccoli, akamletea kikombe cha maji baridi. Kijana akanywa. Baada ya siku chache, tarehe 10 Agosti, akafa akiwa Tournon.

Mnaijua fomula sasa: mchezo, jasho, kinywaji baridi, kifo, sumu. Ila safari hii kulikuwa na mtu wa kushikwa. Wakapekua vitu vya Montecuccoli, wakakuta maandishi kuhusu sumu. Wakamtesa. Kwenye mateso akakiri, akasema ametumwa na watu wa Kaisari. Baadaye akayakana maneno yake, haikusaidia. Tarehe 7 Oktoba 1536, mjini Lyon, alifungwa miguu na mikono kwa farasi wanne, wakachapwa kila mmoja upande wake.

Urithi wa kiti ukamwendea ndugu wa marehemu, Henri, na baadaye mke wake Catherine de' Medici akawa malkia. Wako waliomnyooshea kidole na yeye, maana alikuwa Mwitaliano vilevile na ndiye aliyefaidika.

Leo ni wachache wanaoamini kulikuwa na sumu. Kijana alikuwa amekaa utotoni zaidi ya miaka minne mateka gerezani Hispania kama dhamana ya baba yake, na afya yake haikuwa ya kutegemewa.

---

Koti Jeupe

Naomba niingie hapa, ni kazi yangu. Maji baridi hayaui mtu mzima mwenye afya, jasho au si jasho. Kichomi kinaletwa na vimelea, si na baridi ya kikombe. Ila maji yenyewe ya zama zile yalikuwa yanatoka wapi? Visima vya mjini pembeni mwa vyoo. Homa ya matumbo inatosha kabisa kumwondoa kijana wa miaka 28 mwenye nguvu zake. Na yenyewe haiui siku hiyohiyo, hivyo kumwambia mtu "alikunywa juzi akafa leo" ni kuunganisha tu matukio. Huenda hata alikuwa ameanza kuumwa kabla ya kucheza.

---

Bibi wa Mkunazini

Mwanangu Koti Jeupe, kwa ilimu yako sawa, lakini usiwacheke wale watu. Huku kwetu Unguja mpaka leo tuna chakula cha baridi na chakula cha moto. Mgonjwa wa homa humpi hiki, mzazi humpi kile. Wazee walikuwa wakisema mwili una joto na baridi na ukavu na umajimaji, na maradhi ni kimoja kuzidi. Hayo yametoka kwa matabibu wa Kiyunani, akayapanga Ibn Sina. Nijuavyo mie, na hao Wazungu walikuwa wakisoma kitabu hichohicho.

---

Muokota Mipira

Shikamoo bibi. Umenipa kitu ambacho nilikuwa sijakiunganisha mwenyewe. Ni kweli kabisa. Kitabu kikubwa cha tiba cha Ibn Sina kilitafsiriwa kwa Kilatini mjini Toledo kwenye karne ya 12 na Gerard wa Cremona, kikafundishwa kwenye vyuo vya tiba vya Ulaya kwa karne nyingi. Kwa hiyo daktari wa mfalme pale Burgos na bibi wa Mkunazini wana mwalimu mmoja. Kwa elimu ile, mwili uliotoka jasho uko wazi na umechemka, ukiuingizia baridi ghafla unavunja mizani. Daktari hakuwa anabahatisha, alikuwa anasoma alichofundishwa.

Na hapa ndipo nilipokuwa nataka tufike. Mimi nadhani tenisi imesingiziwa. Mtu mkubwa, kijana, mwenye nguvu, anakufa ghafla na hakuna anayejua kwa nini. Watu wanataka sababu. Kitabu kinasema jasho na baridi, basi wanarudi nyuma kutafuta: lini mara ya mwisho alitoka jasho? Na kwa vijana wa tabaka lile ambao hawalimi wala hawabebi zigo, jasho wanalipata wapi? Kwenye farasi, vitani, au kwenye tenisi. Ukikuta mchezo ndani ya wiki ile, umepata jibu lako. Wangapi walicheza wakanywa maji baridi wakalala vizuri? Hao hawakuandikwa.

Upande wa sumu nao una mantiki yake. Maji yakiwa ndiyo silaha, basi kuna mkono uliyaleta. Louis wa Kumi hakupatikana wa kumshika. Philip, mshukiwa alikuwa mfalme mwenzake, nani angemgusa? Montecuccoli alikuwa karani mgeni kwenye nchi iliyo vitani. Farasi wakafungwa.

---

Koti Jeupe

Hapo tumeelewana mkuu. Na bibi, shikamoo, sikuwacheka.

---

Bibi wa Mkunazini

Marahaba. Lakini maji baridi na jasho usinywe.

---

Kijiti cha Buza

Mi nataka kujua kitu kimoja. Hao makabaila wanacheza, sie akina kabwela wa huko tulikuwa wapi? Tunaokota mipira?

---

Muokota Mipira

Kuokota ndiyo, na kushona, na kufagia. Lakini kucheza pia walicheza, barabarani, kwenye kuta za makanisa, na wakubwa hawakufurahi. Mwaka 1397 mkuu wa jiji la Paris alipiga marufuku tenisi siku za kazi, kwa maelezo kwamba mafundi wanatelekeza kazi na familia kwa ajili ya mpira, wacheze Jumapili tu. Uingereza, sheria ya mwaka 1541 iliwakataza mafundi, vibarua, wanagenzi na watumishi kucheza tenisi na michezo mingine kibao, isipokuwa wakati wa Krismasi. Aliyeipitisha ni Henry wa Nane, yule wa shati linalong'aa.

Sababu waliyotoa ni kwamba vijana waende kulenga shabaha kwa pinde, nchi inahitaji askari. Mfalme mwenyewe haimhusu.

Mipira nayo ilikuwa na wachakachuaji. Louis wa Kumi na Moja mwaka 1480 alitoa amri kwamba mpira uwe wa ngozi nzuri na ushindiliwe sufi safi, si mchanga, chokaa, majivu, pumba wala udongo. Mfalme hakatazi kitu kisichofanyika, kwa hiyo kuna mtu aliwahi kupigwa usoni na mpira wa mchanga. Kiganja changu kinauma nikifikiria, maana walikuwa wanacheza kwa kiganja!

---

Mtoto wa Makorora

Na wanawake? Usituache.

---

Muokota Mipira

Yupo mmoja, na kama mngeniambia nichague mtu mmoja wa uzi mzima nikamtazame akicheza, ningemwacha Henry na shati lake nikamtafute huyu. Mwaka 1427 aliingia Paris mwanamke anaitwa Margot, ametokea Hainaut, ana miaka kati ya 28 na 30. Mkazi mmoja wa Paris asiyejitaja jina, aliyekuwa akiandika yanayotokea mjini, anasema hajawahi kuonekana mwanamke anayecheza tenisi vile: anapiga kwa kiganja na anapiga kwa mgongo wa mkono, kwa nguvu, kwa hila, kwa ustadi, kama mwanamume yeyote, na wanaume waliokuja kumjaribu ni wachache waliomshinda, labda wale hodari kabisa. Alichezea mtaa wa Grenier-Saint-Lazare. Paris wakati ule iko chini ya Waingereza, ni njaa na vita, na watu wanajazana kumtazama Margot.

Hakuwa mfalme, kwa hiyo hakuna aliyeandika alikunywa nini baada ya mchezo.

---

Ngosha wa Ziwani

Swali la mwisho kabla sijaenda kulala mkuu. Hizi pointi: 15, 30, halafu 40. Nani alipiga hesabu hiyo? Kwa nini isiwe 45?

---

Muokota Mipira

Ilikuwa 45, Ngosha. Walihesabu 15, 30, 45, mchezo. Ile 45 ikafupishwa mdomoni kwa kuitaitwa haraka haraka, ikabaki 40. Kwa nini 15 na si moja, hata wa zamani walibishana: Antonio Scaino, msomi wa Kiitaliano aliyechapisha Venice mwaka 1555 kitabu kizima kuhusu michezo ya mpira, alihangaika kuitafutia maana, na ukisoma unaona kabisa kwamba hata yeye ameikuta tu.

Lakini kwamba ilikuwa 45 ushahidi mzuri ninaoujua umo ndani ya shairi. Charles, mtawala wa Orléans, alikamatwa na Waingereza vitani Agincourt, Oktoba 1415, wakamzuia miaka 25. Kabaila mwenye nafasi, hana la kufanya, akawa mshairi. Alipokaribia mwisho wa kifungo aliandika shairi akijiona yuko kiwanjani anacheza tenisi na Uzee. Anasema tumecheza muda mrefu na sasa nina 45. Alizaliwa 1394. Ni umri wake na ni pointi zake kwa wakati mmoja, bado pigo moja tu mchezo uishe.

Haukuisha. Walimwachia huru 1440, akarudi Ufaransa, akaoa mke kijana, na akiwa na miaka 67 akapata mtoto wa kiume, wakamwita Louis. Huyo mtoto akakua, akaozwa dada wa Charles wa Nane, na mwaka 1498 akaletewa habari kwamba shemeji yake amejigonga kwenye kizingiti cha Amboise akienda kutazama tenisi.